Julai, Ngong na Swali la Mwalimu

Kuna msee aliniuliza mbona kila mwezi wa saba napotea mtandaoni Jumamosi moja nzima. Sipost, sijibu, niko zii. Wacha niwaambie.

Kwanza tukubaliane kuhusu baridi. Watu wa ng'ambo wakisikia Kenya wanawaza jua tu. Hawajawahi kusimama steji ya Umoja saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa Julai, mawingu yamelala juu ya maghorofa na mama wa chapati anaota moto kwa jiko lake mwenyewe. Na hiyo ndiyo wiki sisi huchagua kupanda Ngong Hills, ambako kilele cha Lamwia ni mita 2,460. Mathe husema nimerogwa.

Tuko watano, wote wa mtaa. Tulianza 2019 tukiwa fomu tatu, tukaruka 2020 ya korona pekee. Mat mpaka tao, 111 pale Railways, tunashuka Ngong, tunalipa getini, tunaanza kutembea. Kuna watu hudhani kupanda milima ni mambo ya Lavington, lazima uwe na fimbo mbili na kofia ya elfu tano. Viatu vyangu ni vya Gikomba. Kadogo huvaa gambuti za babake na hajawahi kubaki nyuma.

Sheria ni moja: simu zote zinaingia kwa begi la Kadogo. Sheria hii ilitungwa kwa sababu yangu. Mwaka fulani nilimrekodi mmoja wetu akiteleza kwa matope, nikapost, ikaenda mbali sana. Alichekwa mpaka kazini. Niliomba msamaha, lakini begi likabaki.

Kwa hivyo hamna picha. Mngeona zile mashine za upepo za KenGen pale mwanzo, ukungu umemeza vichwa vyake, unasikia tu mapanga yakizunguka vuu, vuu. Siku safi unaona jiji upande mmoja na Bonde la Ufa upande mwingine. Siku hiyo niliona mgongo wa Mwalimu, basi.

Mwalimu tunamwita hivyo kwa sababu anasomea ualimu, anamaliza mwaka huu. Njia ilikuwa nyembamba, tunafuatana kama ng'ombe, yeye mbele yangu. Akauliza bila kugeuka, "Buda, joho umeshalipia? Si wewe pia ni Novemba?"

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikuwa na deni, nikazuiwa mtihani, wakati huo huo duka moja la nguo likanilipa doo yangu ya kwanza ya kutangaza. Nikajiambia nitarudi semista ijayo. Zimepita ngapi sasa? Watu wote niliwaambia nasoma na najilipia. Mathe alifurahi mpaka akawaambia wamama wa chama chake. Ameomba zamu yake iwe Novemba, anunue mbuzi na akodi hema.

Sijui kwa nini nilisema ukweli. Labda kwa sababu kwa base mnakaa mkitazamana, na pale juu sikuona uso wa mtu. Nikasema, "Niliacha. Miaka miwili."

Kadogo alicheka, akidhani ni mchezo. Kisha akanyamaza.

Mwalimu alisimama. "Na ile elfu nane?"

Hapo ndipo penye aibu yenyewe. Alinikopesha 2023, kwa pesa yake ya HELB, ili nikafanye mtihani. Nilinunua maikrofoni. Hii hii mnayonisikia nayo.

Hakunitusi. Alitembea tu, haraka, akapotea kwa ukungu, na kwa milima iliyobaki nilisikia viatu vyake bila kumwona. Ni kama kilomita 10 hadi Kona Baridi. Hazijawahi kuwa ndefu hivyo. Tukiwa karibu kufika mvua nyepesi ikaanza, ile ya Julai isiyonyesha wala kuacha.

Kiserian tuliingia kibanda cha chai. Wengine walikuwa wanaongea mpira kwa nguvu, ile sauti ya kufunika kitu. Mwalimu alinunua chai tano. Akasukuma moja kwangu bila kuniangalia. Akasema, "Yangu nitangoja. Mbuzi ya mathe yako je?"

Nilimwambia mathe Jumapili usiku. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, kuhusu kazi ya mtandaoni, kuhusu wale waliosoma na hawana kazi. Nyinyi mnajua hizo hoja, nimewapa hapa mara nyingi, na nyingine bado naziamini. Sikutumia hata moja. Aliuliza tu, "Hata hiyo siku nilikupea nauli ya mtihani?" Nikasema hata hiyo.

Zamu ya Novemba amempa mama mwingine. Haongei na mimi sana. Mwalimu nimemtumia elfu mbili, akajibu "sawa", herufi nne. Kadogo ameuliza kwa grupu kama mwaka ujao tuko, watatu wamesema ndiyo.

Jana nilirudi saa nne usiku, taa zimezimwa. Kwa meza kulikuwa na ugali na sukuma, umefunikwa na sahani.