Mita Moja na Robo

Chini ya ringi hakuna mtu hukubali kosa lake. Mwenye mpira amekuja mbio, ameruka, beki amesimama mbele yake mikono juu, wamegongana, wote wako chini. Mmoja anadai faulo, mwingine anadai chaji. Refa ana nusu sekunde ya kuamua, na huku kwetu Busia mara nyingi refa ni msee wa timu ya tatu anayengoja zamu yake.

Mimi ni wa kusimama. Sina urefu, kwa hivyo nilijifunza mapema kufika mahali kabla ya mwenye mpira. Sheria inanitambua: ukimkabili mtu, miguu yote miwili chini, kabla hajaruka, hapo ni pako, hata hewa iliyo juu yako ni yako. Akikugonga kifuani, kosa ni lake. Naipenda sana hiyo sheria. Ni sheria chache zinazokupa haki kwa sababu tu ulifika mapema ukatulia. Muulize dereva wa lori aliyelala kwa foleni ya Malaba kama kuwahi kulimsaidia.

Lakini karibu kabisa na kikapu haki hiyo inakatwa. NBA walichora nusu duara chini ya ringi msimu wa 1997–98, futi 4. FIBA, ambao sheria zao ndizo zinatumika Kenya na Uganda, wakaleta yao 2010: mita 1.25. Mtu akipenya na mpira akiwa hewani, na wewe umekanyaga ndani ya hiyo nusu duara, hata mstari wenyewe, hupewi chaji. Labda akusukume kwa mkono ama akutie goti. Mtu aliye hewani hawezi kukata kona, na beki aliyejipanga chini ya ringi hazuii kikapu tena. Anangoja kugongwa.

Sasa, kiwanja tunachochezea Malaba ni saruji, na nusu duara haijawahi kuchorwa. Jumamosi moja tulipanda matatu, kama kilomita 30 hivi, tukacheza nao. Kijana wao mrefu aliruka. Beki wetu, aliyekuwa akimkaba tangu katikati, alirudi nyuma mpaka chini ya ringi akasimama. Kijana alipinduka juu ya bega lake akaangukia mkono. Kifundo kilivunjika. Huyo kijana hula kwa kupakua mizigo. Mkono mmoja haupakui magunia.

Refa alipeana chaji.

Ubishi uliofuata bado haujaisha. Wenzangu wa Busia wanaojua basketi kwa kutazama NBA kwa simu walisema nusu duara humhusu tu beki anayekuja kusaidia, si yule aliyekuwa akimkaba mtu tangu mwanzo. Ni kweli, Marekani iko hivyo. Lakini FIBA haiulizi wewe ni beki wa ngapi, inauliza miguu yako iko wapi. Mwingine akasema, "Buda, mstari haupo, utauhukumu aje?" Hiyo iliniudhi. Ukipita nyuma ya maduka ya Busia hakuna mstari wowote chini, na hakuna mtoto wa hapa asiyejua Uganda inaanzia wapi.

Nilisema mbele ya timu yangu kwamba ile haikuwa chaji. Wiki mbili hivi wengine hawakunisalimia vizuri. Sawa tu. Kusimama ndiyo kazi yangu, na najua tofauti ya kuzuia mtu na kujilaza njiani.

Mechi iliyofuata nilibeba kamba, nimeipima kwa futi ya fundi, na kipande cha makaa. Kumbe kuchora si rahisi. Unapima kuanzia chini ya katikati ya kikapu, si kutoka kwa ubao wala mstari wa nyuma. Tukafunga jiwe kwa uzi, tukaliteremsha kutoka kwa ringi. Yule kijana, mkono ndani ya plasta, akashika ncha ya kamba kwa ule mzima.

Ringi ya Malaba imeinama. Jiwe lilitua kushoto, karibu kiganja kizima. Wenzangu wakasema tuchore pale ringi ingekuwa kama ingenyooka, Malaba wakasema tuchore pale jiwe liko. Saa nne na nusu asubuhi, mechi haijaanza, na wasee kumi wameinama juu ya jiwe moja.