Magurudumu Chini ya Kitanda

Wageni wakifika kwangu Namoruputh kunywa chai, wengi huizunguka karavani ninayouzia kabla ya kuketi. Wanaume ndio wabaya zaidi. Wanagonga bati kwa vidole, wanapiga tairi teke, halafu wanauliza, "Mama, unaiuza ngapi?" Hata mtu mwenye deni langu la chapati mbili aliwahi kuniuliza hivyo.

Nianze na mbuzi, kwa sababu kama wangeishi nisingekuwa na karavani. Mvua zilipokosekana mwishoni mwa 2020 hatukushtuka. Sisi watu wa Loima, Turkana, kiangazi tunakijua. Zikakosa tena, na tena, misimu mitano mfululizo. Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza ukame kuwa janga la kitaifa, Septemba 2021, nilikuwa nimeshaacha kuhesabu mizoga. Kati ya mbuzi 64 walibaki 9. Mume wangu akawaswaga pamoja na wa ndugu zake kupitia Lokiriama kuelekea Uganda. Mimi nikabaki na watoto wanne na shilingi 5,400 za HSNP, msaada wa serikali, kila miezi miwili.

Karavani ilikuwa imeachwa na mkandarasi wa barabara, mlango wake ukipigwapigwa na upepo usiku kucha. Mlinzi akaniambia bei ni 38,000. Nilikopa 30,000 kwenye chama, zilizobaki nikazitoa kwa kuuza makaa ya mti wa mathenge. Mama mkwe hakusema kitu. Alitema tumbaku tu.

Karavani kuukuu ni mwongo. Nje ni aluminiamu, haishiki kutu, na hewa yetu kavu ilikuwa imeitunza vizuri. Lakini nyuma ya aluminiamu kuna mbao, na mchwa wa huku hawajui ukame. Nilibonyeza ukuta wa ndani, kidole kikazama. Fundi wa kwanza alitoa mbao mbovu akaweka mbao mpya, 16,000. Baada ya miezi minne mchwa walikuwa wamerudi. Hizo 16,000 siziweki kwenye hesabu, maana nikiziweka nitalia.

Safari ya pili nikaamua ni chuma. Mabomba ya mraba yalitoka Lodwar, mchomeleaji akaja na genereta yake, petroli juu yangu. Hapo zikaenda 52,000. Madirisha yote manne yalikuwa yamepasuka, na fundi niliyeelekezwa alikuwa Mkongo aliye ndani ya kambi ya Kakuma. Wakati ule mkimbizi alikuwa hatoki kambini bila kibali, kwa hiyo kazi ilibidi imfuate yeye. Nilipima kila tundu kwa kamba, nikafunga mafundo, nikapanda gari hadi Lodwar, kisha Kakuma, zaidi ya kilomita 100 mbele. Akatandaza kamba zangu mezani, akacheka: "Mama, hii njo mita yako?" Yote manne yaliingia bila kupigwa nyundo. 21,000, na sijutii hata senti.

Nikijumlisha bei ya kununua, trekta ya kuivuta, matairi mawili, bearingi, plaiwudi, ribiti na rangi, nilifika 180,000.

Ndipo akaja mfanyabiashara wa Lodwar. Akazunguka, akapiga tairi teke, akasema 95,000. Nikamwonyesha madirisha. Nikamwambia habari za mabomba.

"Dada, mimi sinunui jasho lako," akasema kwa upole. "Nanunua bati na magurudumu, na bado niivute hadi Lodwar."

Nilimchukia siku mbili. Siku ya tatu nikaona hakunidhulumu. Land Cruiser kuukuu ina wanaoitafuta. Karavani hapa Turkana anaitafuta nani? Huko Uingereza wapo wanaonunua karavani za zamani kwa mapenzi tu, lakini hawapiti Namoruputh. Pesa zangu nyingi zilikuwa nyuma ya ukuta, mahali ambapo jicho la mnunuzi halifiki. Na chai, ambayo ndiyo mali yenyewe, haivutwi na trekta. Siku nzuri, nikiondoa unga, sukari na kuni, hubaki 600, mara nyingine 700. Zile 85,000 zilizopungua zingerudi kwa kama miezi mitano nikikaa pale pale nikikanda mandazi. Nikakaa. Deni la chama likaisha.

Mume wangu alirudi baada ya mvua za 2023, na mbuzi 14. Akataka tuuze tununue wengine. Tuligombana wiki nzima, mpaka watoto wakahamia kwa nyanya yao. Mwishowe nikamwuliza wale 64 wako wapi. Hakujibu. Asubuhi nilimkuta anakokota mawe makubwa kutoka kwenye laga, mto mkavu.

Tuliinua karavani kwa jeki ya kuazima, tukang'oa magurudumu, tukaikalisha juu ya mawe. Matairi nimeyafunika kwa gunia chini ya kitanda changu, jua lisiyapasue. Wageni bado wanazunguka. Wanainama, wanachungulia, mguu unabaki hewani, halafu wanaketi na kuagiza chai.