Kifungu Kimoja Katika Sura ya Haki

Ibara ya 31 ya Katiba ya Uganda inahusu haki za familia. Inasema mwanamume na mwanamke wenye miaka 18 na zaidi wana haki ya kuoana, tena kwa hiari yao. Katikati ya haki hizo kuna kifungu cha 2a: ndoa baina ya watu wa jinsia moja ni marufuku. Nasoma shahada ya uzamili hapa Kampala, utafiti wangu ni sheria za familia, na kila nikifika hapo nasita. Sura ya Nne imeandikwa kumlinda mtu dhidi ya dola. Kifungu hiki kinaikabidhi dola fimbo.

Katiba ilipoanza mwaka 1995 hakikuwemo. Kiliingizwa 2005, na sheria ileile ya marekebisho iliyofuta ukomo wa mihula ya urais. Mkubwa akaondolewa uzio, mnyonge akajengewa. Wapenzi wa jinsia moja walikuwa tayari wanakabiliwa na kifungo kwa sheria ya jinai tuliyorithi kwa mkoloni, kwa hiyo kifungu kipya hakikuzuia harusi yoyote. Kilipeleka ujumbe tu: hawa si wenzetu.

"Dada, hiyo ndoa si ya Kiafrika," mwanadarasa mwenzangu aliniambia.

Mimi ni Mkurya wa Tarime. Kwetu kuna nyumba ntobhu: mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe, akaoa mwanamke mwenzake, na watoto wakizaliwa huwa wa nyumba yake. Jirani wa bibi yangu alioa hivyo, na hakuna aliyemnyooshea kidole. Si ndoa ya mapenzi, na mabinti wengine wameozwa wakiwa wadogo mno, jambo ambalo silitetei. Ila inaonyesha kwamba wazee wetu walianza na shida ya mtu, kisha wakaipa ndoa umbo la kuitatua. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Kenya, Mombasa, iliitambua ndoa ya namna hiyo kwa mila za Wanandi, katika shauri la mirathi.

Nina rafiki hapa mjini, jina lake silitaji. Ameishi na mwenzake miaka sita. Sijawasikia wakizungumzia keki wala shela. Wanataka mmoja akilazwa, mwingine aulizwe. Mmoja akifa, mwingine asifukuzwe kwenye nyumba waliyoilipia pamoja. Sheria ya 2023 imewawekea kifungo cha maisha, na hata sisi marafiki tukihudhuria sherehe ya kuwaoza tunatenda kosa.

Sheria ya kawaida Bunge linaweza kuifuta kwa wingi wa kawaida wa kura. Kuibadili Katiba kunahitaji angalau theluthi mbili ya wabunge wote. Mwaka 2005 nilikuwa naanza darasa la kwanza, na rafiki yangu vilevile. Watu wazima wa wakati ule walitufungia mlango kabla hatujajua tutampenda nani.

Ibara ya 20 ya Katiba hiyohiyo inasema haki za msingi mtu huzaliwa nazo, hazitolewi na dola. Kama si dola iliyozitoa, ilipata wapi idhini ya kuchagua nani azikose?