Mpini Mpya kwa Kisu cha Zamani

Msafiri atokaye Nairobi kwa barabara kuu, akiisha kupita Gilgil na Ziwa Elmenteita, hufika Lanet, na punde huona mlima Menengai mkono wa kulia na Ziwa Nakuru mkono wa kushoto. Hapo, upande wa mashariki wa mji, ndipo ulipo mtaa wa Section 58. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900; mwaka 1904 pakatangazwa kuwa mji, na tarehe 1 Desemba 2021 mji huo ukapewa daraja la jiji.

Si mbali na mtaa huo kuna Hyrax Hill, yaani Kilima cha Pimbi, ambako Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938. Katika udongo wa kilima hicho zilionekana nyembe za jiwe jeusi ling'aalo kama kioo, ambalo asili yake ni moto wa volkeno. Watu wa kale walikatia nyama na ngozi kwa mawe hayo. Mti huoza, jiwe hudumu. Kwa hiyo hata kama nyembe hizo zilitiwa mipini, mgeni azitazamapo leo haoni ila makali.

Jambo hilo halikubadilika chuma kilipokuja. Kisu kizuri huweza kudumu miaka arobaini, lakini mpini wake hulegea, hupasuka, au huliwa na maji ya jikoni. Wengi hukitupa wakanunua kingine cha bei nafuu, ambacho chuma chake hakishiki makali. Wengine hukifunga kamba wakaendelea kukata. Hao ndio waumiao, kwa maana mpini uchezao huponyoka mkononi, na vidole hufuata makali.

Mwenye busara hukipeleka kwa fundi wa jua kali. Kazi ya kwanza ya fundi ni kufunga makali kwa kitambaa kinene. Kisha hupasua mpini wa zamani na kuutoa msuka, yaani ule mkia wa chuma uingiao ndani ya mti. Hautii kisu chote motoni, kwa sababu moto huharibu ugumu wa chuma, na kisu kikawa butu daima.

Mti bora ni mzeituni wa mwitu, ambao Wakikuyu huuita mutamaiyu na Wamaasai oloirien. Ni mgumu na mzito, nao husuguliwa ukang'aa. Hapana haja ya kukata mti msituni bila idhini. Kipande cha mpini wa jembe uliovunjika chatosha, na hicho kimekwisha kukauka. Mti mbichi hunywea, ukapasuka kabla ya mwaka kwisha. Pembe ya ng'ombe pia yafaa, lakini pembe ya ndovu imekatazwa na sheria.

Fundi hutoboa tundu kwa keekee, jembamba kidogo kuliko msuka. Wengine huchoma ncha ya msuka hata iwe nyekundu, huku makali yamezungushiwa matambara yaliyolowa maji, ndipo wakausukuma ndani ya mti ujichimbie nafasi yake. Msuka ukiisha kupoa hutiwa gundi, na mdomo wa mpini huvikwa pete iliyokatwa katika bomba la shaba, ili mti usipasuke.

Hapo ndipo kazi ya tupa huanza, na hapo ndipo mwenye kisu atakiwapo awepo. Mpini hupimwa kwa upana wa vidole vinne na nafasi kidogo. Haufanywi mviringo kama fimbo, bali kama yai, ili mkono ujue hata gizani makali yameelekea wapi. Mwenye kushika kwa mkono wa kushoto na mwenye vidole vilivyokakamaa kwa uzee hawashiki sawasawa na kijana. Mwisho hupigwa msasa kwa kufuata nyuzi za mti, ukapakwa mafuta ya kitani mara tatu.

Hutokea mjane kuleta kisu cha marehemu mumewe, akataka mpini ufanane kabisa na ule wa kwanza, kwa heshima. Ombi hilo ni zito, wala fundi mwema halicheki. Lakini akiutazama mkono wake mdogo, hapana budi amwambie, "Mama, mpini ule ulikuwa wa mkono wa mzee. Ukiushika wewe, utakuponyoka." Chuma alichokinoa marehemu kimebaki vilevile, na kumbukumbu yake imo humo. Mti ni wa yule akatae mboga leo. Kipande cha mpini wa zamani chaweza kuwekwa sandukuni.

Wahenga walisema, mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Yafaa kuongeza kwamba makali bila mpini imara hula mkono wa mwenyewe kwanza.