Paa la Udongo Ugogoni

Mgeni afikaye Dodoma akaiona tembe ya Wagogo, nyumba fupi yenye paa bapa la udongo, huuliza: je, haivuji? Huvuja, isipotunzwa. Paa lake ni boriti na fito, kisha udongo ulioshindiliwa. Jua la kiangazi huupasua, na nyufa hazina budi kuzibwa kwa udongo uliokandwa kabla ya mvua za Desemba, kama hema jepesi la mtalii lipakwavyo gundi kwenye mishono. Mvua za hapa, ambazo kwa wastani hazifiki milimita 600 kwa mwaka, huliruhusu paa hilo, Bukoba lisingedumu. Lakini ufa ukisahauliwa, udongo hulowa ukawa mzito, na boriti iliyoliwa na mchwa huweza kuvunjika usiku, watu wamelala. Basi, ndugu mfanyakazi mwenye wazazi Ugogoni, likizo yako na iwe Novemba.