Safari Yetu ya Kuwasikia Waimbaji wa Ulyankulu

Akina mama wengi tunapenda nyimbo za kwaya, lakini tunazisikia tukiwa jikoni, redio iko dirishani na sufuria iko mekoni. Kusafiri kwenda kuwasikia waimbaji wenyewe tunaona ni jambo la vijana wasio na familia. Sisi akina mama sita wa Kigwa, mkoani Tabora, tulifanya safari hiyo mwaka 2017, na tunapenda kuwashirikisha wenzetu.

Tuliifuata Kwaya ya Barabara ya 13, Ulyankulu. Katika miaka ya 1990, tulipokuwa wasichana, kanda zake zilisikika kila mahali. Tulijifunza sauti ya pili kwa kuzifuata, na betri zilipokwisha nguvu tulizirudisha nyuma kwa kalamu.

Safari ya mama huanzia nyumbani. Kila mmoja wetu aliweka shilingi 2,000 kwa wiki, kwa wiki 16. Waume zetu tuliwaeleza mapema, si usiku wa kuamkia safari. Mmoja wao aliuliza, "Kwani hapa Kigwa hakuna kwaya?" Mkewe akamjibu kwa upole, "Baba watoto, mbona nawe una redio, lakini mpira unaufuata uwanjani?" Mzee alicheka, akaongeza nauli. Tulisaga unga, tukapasua kuni, watoto tukawaacha kwa bibi zao.

Wako waliosema kwamba mama mwenye heshima hatembei ovyo. Lakini Kigwa yetu ilikuwa kituo katika njia ya misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walipita wakiimba ili mizigo iwe myepesi, na wengine walifuatana na wake zao, waliobeba vyungu na watoto. Mwanamke kuwa njiani na wimbo kinywani si jambo geni kwetu.

Tulikuwa na sababu nyingine, ambayo hatukuitangaza. Mwenzetu mmoja, mwimbaji wa sauti ya kwanza, alikuwa hajaimba tangu amzike mwanawe. Kanisani alisimama nasi akiwa amefunga kinywa, na joho lake la kwaya alikuwa amelirudisha. Tulimwomba aje tu, asikilize.

Jumamosi tulipanda basi hadi Tabora mjini, kisha jingine la Ulyankulu, tukila karanga na michembe njiani huku misitu ya miombo ikitupita. Jioni akina mama wa kanisa walitupokea kama ndugu.

Ulyankulu ilianzishwa mwaka 1972 kuwa makazi ya wakimbizi waliokimbia mauaji ya Burundi. Makazi yalipangwa kwa barabara zenye namba, na kwaya ikachukua jina la barabara yake. Watu hao waliishi kwa miaka mingi bila kuwa raia wa nchi waliyoilima na kuzaa ndani yake. Baadaye Tanzania iliwapa uraia zaidi ya 160,000 miongoni mwa wakimbizi wa mwaka ule, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014.

Zaburi ya 137 inasimulia mateka waliotundika vinubi vyao kwenye miti kwa sababu ya uchungu. Jumapili ile, magitaa yalipoanza na sauti nzito za akina baba zikaingia, tulielewa kwamba watu hawa walikuwa na kila sababu ya kutundika vyao, lakini hawakufanya hivyo. Nyimbo tulizozifurahia jikoni zilitoka kwa watu waliokuwa wanazihitaji ili waishi.

Baada ya ibada, bibi mmoja mzee alikaa na mwenzetu. Alimweleza kwamba alivuka mpaka akiwa na watoto wawili, akafika na mmoja. Mwenzetu akamwuliza, "Bibi, uliwezaje kuimba tena?" Bibi akasema, "Mwanangu, mwanzo sikuweza. Niliketi katikati ya walioweza. Waliniimbia mpaka nikapata sauti."

Mwenzetu hakuimba siku ile, wala njiani tukirudi. Nasi hatukumhimiza. Juma la tatu alikuja kwenye mazoezi, akaulizia joho lake kama lingali lipo. Lilikuwepo, limefuliwa na kukunjwa.

Mama mwenzetu, nyumba haiharibiki kwa siku mbili za mama kwenda kuburudisha moyo, mradi mambo yamepangwa na mwenzi wako ameshirikishwa. Wekeni akiba kidogo kidogo, mfuate kwaya mnayoipenda. Na kama katika kundi lenu yuko aliyenyamaza kwa huzuni, msimwache nyumbani kwa kuwa haimbi. Mchukueni, mketisheni katikati yenu, ninyi mwimbe.