Saa 80

Mimi ni fundi cherehani ninayeshona polepole. Niliumia uti wa mgongo ghalani, hapa Ohio, na tangu hapo mkono wa kulia hufa ganzi. Gauni ambalo zamani, kule Tanga, lilinichukua asubuhi moja, sasa linakula siku tatu.

Nilipoanza kupokea kazi za wateja, nilikuwa tayari napata mafao ya ulemavu, yale yanayotokana na michango iliyokatwa kwenye mshahara wangu. Watu wakanionya: ukishika mkasi tu, wanakukata.

Sivyo ilivyo. Sheria ya Marekani inakupa miezi 9 ya kujaribu kazi, hata isiyofuatana, ndani ya miezi 60. Katika miezi hiyo mafao hubaki kamili, upate kiasi gani. Baada ya hapo kuna miezi 36 ambayo unaweza bado kulipwa kwa kila mwezi ambao kazi yako haikufikia kiwango kilichowekwa.

Tatizo ni namna mwezi wa majaribio unavyohesabiwa. Kwa aliyeajiriwa wanatazama mshahara: mwaka 2025, zaidi ya dola 1,160 kabla ya makato. Kwa aliyejiajiri wanatazama faida, au saa. Ukizidisha saa 80, mwezi umehesabiwa, hata kama hukubakiwa na senti.

Naelewa kwa nini. Mwenye biashara anaweza kufanya kazi mwezi mzima bila faida. Lakini fundi mwenye mikono mizima atamaliza kwa saa 40 kazi inayonichukua mimi 80. Saa za kulala chali siziandiki. Naandika za kwenye cherehani tu. Hata hivyo, kadiri mkono unavyozidi kuwa mzito, ndivyo daftari langu linavyonionyesha mchapakazi zaidi. Ulemavu wangu unasomeka kama nguvu.

Mwezi uliopita nilikuwa na sare za harusi. Nilipofika saa ya 79 zilibaki gauni mbili. Ningeweza kuzima mashine, nikaulinda mwezi wangu. Binti yangu aliniuliza, "Mama, tuwaambie wasubiri?"

Nikamwambia akate nyuzi, mimi napinda.

Jumla: saa 83, faida dola 210. Nimeripoti kama ilivyo. Imebaki miezi 8, na wateja wawili wameshaleta vitambaa.